Muziki Ndani ya Kompyuta: Je, Tarakimu Nyingi Ndiyo Sauti Bora?

Usinge ni kituo cha Reli ya Kati kilichoko baina ya Kaliua na Nguruka, katika wilaya ya Kaliua, mkoa wa Tabora. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo, bidhaa zilizosafirishwa kati ya pwani, Tabora na Ujiji zilichukuliwa na wapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi, ambao aghalabu walitembea wakiimba. Nyimbo hizo hazikuwa na hifadhi nyingine ila kumbukumbu za waimbaji. Aliyetaka kuzisikia ilimpasa awe karibu, na mwimbaji alipofariki, wimbo ambao hakuwa amemrithisha mtu ulizikwa pamoja naye.

Hali hiyo ilianza kubadilika baada ya Thomas Edison wa Marekani kubuni fonografu mwaka 1877. Mwaka 1900 Carl Stumpf alianzisha hazina ya sauti mjini Berlin, na mwaka 1909 Erich von Hornbostel, aliyefanya kazi katika hazina hiyo, alichapisha uchunguzi juu ya nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa katika silinda za nta. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akinasa ngoma na nyimbo, kazi ambayo leo imehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katika miaka iliyofuata uhuru, Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi katika kanda za sumaku bendi nyingi za nchi. Tabora nayo ilikuwa na bendi zake mashuhuri: Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz.

Siku hizi muziki husafiri kwa njia nyingine kabisa. Hugeuzwa kuwa tarakimu, ukapita katika mtandao wa intaneti, ukahifadhiwa katika kompyuta au simu, kisha ukageuzwa tena kuwa sauti. Anayetaka kununua wimbo kwa njia hii aghalabu hukuta wimbo mmoja ukiuzwa kwa namna tatu. Namna ya kwanza ni faili dogo la MP3. Namna ya pili ni faili lenye ubora wa CD, lililoandikwa "16/44.1". Namna ya tatu ni faili kubwa liitwalo la ubora wa juu, lililoandikwa "24/96" au zaidi, ambalo mara nyingi bei yake ni kubwa kuliko mengine. Swali linalomkabili mwalimu au mwanafunzi ni hili: je, tarakimu hizo zina maana gani, na je, faili kubwa hutoa sauti bora?

Jibu lina sehemu mbili, na hazipaswi kuchanganywa. Kwa msikilizaji wa kawaida, ubora wa CD hutosha karibu daima. Kwa mtu anayerekodi au kuhifadhi sauti isiyoweza kupatikana tena, ubora wa juu ni wajibu. Makala haya yanaeleza sababu za sehemu zote mbili.

1. Sauti hugeuzwaje kuwa tarakimu?

Sauti ni mitetemo ya hewa. Ngozi ya ngoma inapopigwa hutetemeka, ikaisukuma hewa na kuivuta, na msukumo huo husambaa kama mawimbi hadi sikioni. Mitetemo michache kwa sekunde husikika kama sauti nzito. Mitetemo mingi husikika kama sauti nyembamba. Sikio la kijana mwenye afya husikia takriban kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na kikomo cha juu hushuka kadiri umri unavyoongezeka.

Maikrofoni hugeuza mitetemo ya hewa kuwa mabadiliko ya volteji. Kifaa kingine, kigeuzi, huipima volteji hiyo mara nyingi sana kwa sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Kila kipimo huitwa sampuli. Wakati wa kusikiliza, kigeuzi cha pili hufanya kazi kinyume: husoma namba, hutoa volteji, na spika huisukuma hewa upya.

Kwa hiyo mambo mawili huamua ubora wa maandishi hayo: sampuli huchukuliwa mara ngapi kwa sekunde, na kila sampuli huandikwa kwa usahihi kiasi gani. Hizo ndizo tarakimu mbili zinazoonekana katika maandishi kama "24/96".

2. Idadi ya sampuli kwa sekunde

Kanuni ya sampuli inaweza kufahamika kwa urahisi katika kituo cha hali ya hewa cha shule. Joto la Usinge hupanda mchana na kushuka usiku. Wimbi hilo hukamilika kwa saa 24. Wanafunzi wakipima joto kila siku saa sita mchana tu, daftari lao litaonyesha joto lisilobadilika sana, kana kwamba hakuna usiku wenye baridi. Wakipima mara moja kila baada ya saa 25, kosa litakuwa kubwa zaidi. Kila kipimo kitachelewa kwa saa moja kuliko kilichotangulia, na daftari litaonyesha wimbi la uongo linalopanda na kushuka polepole na kukamilika kwa siku 25. Wimbi hilo halimo katika hewa ya Usinge. Limezaliwa na upimaji mbaya.

Ili kuepuka uongo huo hapana budi kupima zaidi ya mara mbili katika kila wimbi. Wazo hili lilielezwa na Harry Nyquist mwaka 1928, na Claude Shannon akalithibitisha kihisabati katika makala yake ya mwaka 1949. Kanuni yao yasema kwamba ikiwa sampuli zinachukuliwa kwa kasi inayozidi maradufu ya mtetemo wa juu kabisa uliomo, basi wimbi lote la asili linaweza kujengwa upya kwa ukamilifu.

Neno "kwa ukamilifu" lastahili kutiliwa mkazo. Watu wengi huamini kwamba muziki wa kompyuta ni kama ngazi yenye vidato, na kwamba sampuli zikiongezwa vidato hupungua na sauti hulainika. Imani hiyo si sahihi. Kigeuzi hakitoi vidato spikani. Kichujio chake huunganisha sampuli na kulirudisha wimbi lililo laini. Kuongeza sampuli hakulainishi sauti ambayo tayari imeandikwa yote. Kunachofanya ni kuruhusu mitetemo ya juu zaidi iandikwe pia.

CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982 kutokana na ushirikiano wa kampuni za Philips na Sony, hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde. Nusu yake ni 22,050, idadi inayozidi kidogo kikomo cha sikio la mwanadamu. Faili la "96", yaani kilohezi 96, lina sampuli 96,000 kwa sekunde na laweza kubeba mitetemo hadi 48,000. Mitetemo hiyo ya ziada popo huisikia vizuri, binadamu haisikii.

3. Idadi ya biti

Idadi ya biti huhusu usahihi wa kila kipimo. Mwanafunzi anayepima penseli kwa rula yenye sentimita tupu atakosea zaidi kuliko mwenye rula yenye milimita. Katika kompyuta, mistari ya rula huhesabiwa kwa biti. Biti moja ina hali mbili tu, 0 au 1. Biti mbili zina hali 4, biti tatu zina 8, na kila biti inayoongezwa huzidisha hali hizo mara mbili. Biti 16 za CD hutoa viwango 65,536. Biti 24 hutoa viwango 16,777,216.

Kosa la upimaji husikika kama mvumo hafifu unaofanana na mchuzo wa maji. Kila biti inayoongezwa huushusha mvumo huo kwa takriban desibeli 6. Kwa hiyo biti 16 huacha nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na mvumo, na biti 24 huacha takriban desibeli 144 katika nadharia. Katika vitendo, hata vifaa bora sana havifikii nafasi hiyo ya 144, kwa sababu saketi za umeme zina mvumo wake zenyewe.

Je, desibeli 96 zatosha? Chumba kilichotulia kijijini huweza kuwa na kelele ya desibeli 30 kutokana na upepo, wadudu na majani. Sauti inayoizidi kelele hiyo kwa desibeli 96 ingefikia 126, kiwango kinachoumiza masikio. Hakuna mtu mwenye busara anayesikiliza muziki kwa kiwango hicho. Hivyo katika kusikiliza, biti 16 zina nafasi ya kutosha na kubaki. Kanda za sumaku zilizotumiwa na vituo vya redio zilikuwa na nafasi ya takriban desibeli 60 hadi 70 tu, yaani takriban biti 10 hadi 12, na bado wasikilizaji walicheza muziki wake kwa furaha.

4. Hesabu ya ukubwa wa faili

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kukokotoa ukubwa wa faili bila msaada. Huzidisha idadi ya sampuli kwa sekunde, idadi ya biti kwa kila sampuli, na idadi ya njia za sauti, ambazo kwa kawaida ni mbili, ya kushoto na ya kulia.

Kwa CD: 44,100 × 16 × 2 = biti 1,411,200 kwa sekunde. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, dakika moja huchukua takriban megabaiti 10.6.

Kwa faili la 24/96: 96,000 × 24 × 2 = biti 4,608,000 kwa sekunde, yaani takriban megabaiti 34.6 kwa dakika. Saa moja huchukua zaidi kidogo ya gigabaiti 2.

Kwa MP3 ya kawaida yenye biti 128,000 kwa sekunde: takriban megabaiti 1 kwa dakika.

Hivyo wimbo wa dakika 5 huwa na megabaiti 5, 53 au 173 kutegemea namna iliyochaguliwa. Kwa shule inayonunua vifurushi vya intaneti kwa fedha kidogo, tofauti hiyo si ndogo. Kulipia mara tatu ya data kwa ajili ya mitetemo isiyosikika ni matumizi yanayopaswa kufikiriwa kwanza.

5. Kubana kwa namna mbili

Mafaili huweza kupunguzwa kwa njia mbili zilizo tofauti sana, na kosa kubwa la wanaoanza ni kudhani kwamba ni moja.

Njia ya kwanza ni kubana bila kupoteza. Mkulima wa tumbaku anapofunga robota, majani hushindiliwa ili mzigo uwe mdogo. Robota likifunguliwa, uzito ni uleule. Muundo uitwao FLAC, uliokamilishwa mwaka 2001 na unaotumika bila malipo, hufanya vivyo hivyo. Hutafuta mpangilio unaotabirika katika namba na kuuandika kwa ufupi. Aghalabu hupunguza faili kwa asilimia 30 hadi 50, na faili likifunguliwa kila biti hurudi mahali pake.

Njia ya pili ni kubana kwa kutupa. Muundo wa MP3, uliosanifiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutokana na utafiti ambamo Karlheinz Brandenburg wa Ujerumani alikuwa na sehemu kubwa, hutumia udhaifu wa sikio. Ngoma kubwa inapopigwa, mlio hafifu wa zeze wenye mitetemo iliyo karibu hauwezi kusikika kwa kitambo kidogo. Programu hutambua sauti zilizofunikwa namna hiyo na kuziandika kwa usahihi mdogo au kuziacha kabisa. Ikiwa kiwango ni biti 256,000 au 320,000 kwa sekunde, watu wengi hawatambui tofauti. Ikiwa ni 64,000, vishindo vya njuga hufanana na maji yanayotiririka.

Kilichotupwa hakirudi. Maji yakimwagika hayazoleki, na MP3 ikigeuzwa kuwa FLAC haipati tena sauti iliyopotea. Hupata ukubwa tu. Mbaya zaidi, MP3 ikifunguliwa, ikahaririwa na kubanwa upya, hutupwa kitu kingine, na kasoro hujumlishwa.

6. Je, sikio husikia tofauti?

Katika sayansi, madai hujaribiwa. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani. Wasikilizaji walisikilizishwa muziki wa ubora wa juu, na muziki uleule uliopitishwa katika kiwango cha CD, bila kuambiwa upi ni upi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, yaani asilimia 49.8, sawasawa na mtu anayerusha sarafu.

Mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alijumlisha matokeo ya majaribio 18 ya watafiti mbalimbali. Alipata wastani wa asilimia 52.3 ya majibu sahihi, na wasikilizaji waliofunzwa mahususi walifanya vizuri zaidi. Matokeo hayo yaonyesha kwamba huenda tofauti fulani ipo, lakini ni ndogo mno, na haimfikii msikilizaji asiye na mafunzo maalumu.

Jaribio kama hili laweza kufanywa darasani. Mwanafunzi mmoja hucheza faili A au B kwa kufuata matokeo ya sarafu, naye msikilizaji, akiwa amegeuka, hutaja alichosikia. Sauti za mafaili mawili lazima ziwe na ukubwa sawa, kwa maana sikio huidhania sauti kubwa zaidi kuwa ndiyo bora zaidi. Baada ya mara 10, majibu huhesabiwa. Mtu anayebahatisha tu ana uwezekano wa 11 katika 1,024, yaani takriban 1 katika 93, wa kupata 9 au 10. Akipata 6 au 7, hajathibitisha chochote. Jaribio hili hufundisha uwezekano katika hisabati, na pia hufundisha tabia muhimu ya mwanasayansi: kutoamini sikio lake kabla ya kulipima.

7. Vifaa vya kuanzia

Anayetaka kuanza kusikiliza muziki kwa kompyuta hahitaji vitu vingi. Programu ya VLC, inayopatikana bila malipo, hucheza FLAC, WAV na MP3. Kigeuzi kilichomo ndani ya kompyuta au simu nyingi za siku hizi hutosha kwa mwanzo. Kigeuzi cha nje chafaa ikiwa kile cha ndani kinatoa mvumo au mikwaruzo inayosikika.

Msururu wa sauti ni kama msafara: mwendo wake ni wa yule aendaye polepole kuliko wote. Faili la 24/96 likichezwa kwa spika ndogo ya simu, spika ndiyo itakayoamua ubora. Likipelekwa kwa hedifoni zisizo na waya, kwa kawaida hubanwa tena kwa kutupa kabla ya kurushwa, na ubora uliolipiwa hupotea njiani. Kwa hiyo fedha za kwanza zitumike kwa hedifoni nzuri za waya au spika nzuri, kisha chumba kitulizwe; faili kubwa lije mwisho.

Tahadhari mbili zaongezwa. Ya kwanza ni ya afya. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa juma, na muda huo hupungua upesi sauti inapoongezwa. Chembe za sikio la ndani zikifa hazioti tena. Ya pili ni ya udanganyifu. Baadhi ya mafaili yanayouzwa kama ya ubora wa juu yametengenezwa kutokana na CD au hata MP3 kwa kuongeza namba tupu. Programu ya Audacity, nayo bila malipo, huweza kuonyesha picha ya mitetemo iliyomo katika faili. Ikiwa faili la "96" halina kitu chochote juu ya 22,000, na ukomo wake ni mstari ulionyooka kama uliokatwa kwa kisu, yamkini asili yake ni CD. Mstari huo ukiwa karibu na 16,000, yamkini asili yake ni MP3.

Jambo la haki nalo lisisahauliwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huwalinda watunzi na wasanii wa Tanzania. Kupakua wimbo bila idhini ya mwenye haki ni kuchukua jasho la mtu, hata kama faili ni dogo.

8. Mahali ubora wa juu unapohitajika

Ikiwa sikio halitambui tofauti, kwa nini hazina za sauti zisihifadhi kila kitu kwa ubora wa CD au MP3? Chama cha kimataifa cha hazina za sauti na picha, IASA, huelekeza kwamba sauti za kale zinakiliwe kwa biti 24 na sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde, na hazina nyingi hutumia 96,000. Zipo sababu tatu.

Kwanza, anayerekodi hajui mapema sauti itakuwa kubwa kiasi gani. Mzee anayepiga zeze taratibu aweza kufuatwa ghafla na ngoma na vigelegele. Sauti ikizidi uwezo wa kifaa, vilele vya wimbi hukatwa na sauti hupasuka. Kosa hilo haliponi. Mwenye biti 24 aweza kuweka kiwango cha chini, akaacha nafasi ya desibeli 12 au zaidi kwa ajili ya vishindo visivyotarajiwa, na bado mvumo ukabaki chini sana.

Pili, rekodi ya hazina haisikilizwi tu, hufanyiwa kazi. Huondolewa mikwaruzo, husawazishwa, husahihishwa mwendo. Kila hatua ya hesabu huongeza kosa dogo la kukadiria, na biti za ziada huyaweka makosa hayo mbali na sikio. Mikwaruzo ya santuri nayo ni mifupi mno, na programu huitambua vizuri zaidi sampuli zinapokuwa nyingi.

Tatu, mara nyingi nafasi ni moja tu. Kanda za sumaku huzeeka: gundi inayoshika chembe za sumaku huharibika, na mashine za kuzichezea hazitengenezwi tena kwa wingi. Mwaka 2019 UNESCO na IASA zilitoa tahadhari juu ya kanda za sumaku zilizoko hatarini duniani kote kwa sababu hizo. Kanda za Radio Tanzania, zilizorithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, ni za aina hiyo hiyo. Kanda ambayo haiwezi kuchezwa mara ya pili, ikinakiliwa kwa MP3, imepotezwa nusu na yule aliyekusudia kuiokoa.

Jambo moja halina budi kukumbukwa: ubora wa juu hauongezi kitu kisichokuwapo. Silinda za nta za mwanzo wa karne ya 20 hazikunasa sauti nzito sana wala nyembamba sana, na hakuna tarakimu itakayozirudisha. Nakala ya 24/96 hulinda kila kilichobaki katika silinda hizo, lakini haiwezi kulinda kilichokosekana tangu siku ya kurekodi.

9. Kazi inayowezekana Usinge

Kutokana na maelezo haya, shule iliyoko Usinge au kwingineko kwenye njia ya zamani ya misafara yaweza kufanya kazi yenye thamani ya kudumu. Wapo wazee wanaokumbuka nyimbo za kazi, za unyago, za uwindaji na za safari. Nyimbo hizo hazimo katika duka lolote la intaneti. Zikipotea, hakuna pa kuzipakua. Hatua zifuatazo zatosha kuanza.

(a) Mzee aombwe idhini, aelezwe rekodi itatumiwaje na itahifadhiwa wapi, na matakwa yake yaheshimiwe. Zipo nyimbo ambazo hazipaswi kutoka nje ya wenyewe.

(b) Kinasa sauti, au simu iliyowekewa programu ya kurekodi, kichaguliwe muundo wa WAV au FLAC, biti 24 ikiwezekana, na sampuli 48,000 au 96,000. Simu nyingi hurekodi kwa kubana zisipobadilishwa, hivyo jambo hili likaguliwe kabla ya siku yenyewe.

(c) Pachaguliwe mahali patulivu, mbali na jenereta, barabara na bati linalogongwa na mvua. Maikrofoni ikingwe upepo kwa kitambaa chepesi au sponji na iwe karibu na mwimbaji. Kuisogeza maikrofoni kutoka mita mbili hadi nusu mita huboresha rekodi kuliko kuongeza sampuli maradufu.

(d) Mwanzoni mwa rekodi msomaji ataje tarehe, mahali, jina la mwimbaji ikiwa ameridhia, lugha na aina ya wimbo. Maelezo hayo yaandikwe pia katika daftari. Rekodi isiyo na maelezo ni kama dawa isiyo na jina katika chupa.

(e) Rekodi ya asili isihaririwe kamwe. Ihifadhiwe nakala mbili au tatu katika vifaa tofauti na mahali tofauti, kwa sababu diski na kadi hufa bila kutoa taarifa. Kadi ya gigabaiti 64 hubeba takriban saa 30 za sauti ya 24/96. Kutokana na rekodi hiyo ya asili zitolewe nakala ndogo za MP3 kwa ajili ya kusikilizwa darasani, kutumwa kwa simu na kurudishiwa familia ya mwimbaji.

Utaratibu huo wa mwisho ndio muhtasari wa makala haya yote. Nakala ya kusikiliza yaweza kuwa ndogo, kwa sababu ikiharibika hutolewa nyingine kutoka kwenye ya asili. Nakala ya asili lazima iwe kamili, kwa sababu haina nyingine nyuma yake. Mwanafunzi akilishika hilo, ataweza kusoma tarakimu za "24/96" bila kuzistaajabia na bila kuzidharau, na atajua ni lini alipe megabaiti 5 na ni lini asikubali kupungukiwa na hata moja kati ya 173.